Uliza Mwalimu wa Siasa: Vuguvugu la kijamii ni kitu gani hasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma sayansi ya siasa. Tumepewa kazi ya kueleza maana ya vuguvugu la kijamii. Nimekusanya maana sita za wataalamu na kila moja inasema lake. Mmoja anasema ni maoni ya watu, mwingine anasema ni mtandao, wa tatu anasema ni kampeni. Mhadhiri wetu anataka tuchague moja na tuitetee. Nichague ipi? Na inakuwaje wataalamu washindwe kukubaliana juu ya kitu ambacho kila mtu anakiona barabarani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana limebeba mengine yote. Unachokiona barabarani ni maandamano. Maandamano yana saa ya kuanza na saa ya kumalizika, na jioni watu hurudi makwao. Vuguvugu ni kile kilichowafanya watu hao watoke siku moja wakiwa na madai mamoja, na ni kile kitakachowatoa tena mwezi ujao hata kama leo wametawanywa kwa mabomu ya machozi. Hicho hukioni kwa kupita njia. Inabidi ukifuatilie, na kila mtaalamu amekifuatilia kwa njia yake. Ndiyo maana una maana sita mkononi.

Jina lenyewe lilipata uzito wa kitaaluma mwaka 1850, pale Mjerumani Lorenz von Stein alipoandika historia ya vuguvugu la kijamii nchini Ufaransa tangu mapinduzi ya 1789. Aliyekuwa akimtazama ni mfanyakazi wa viwandani, tabaka lililokuwa linaanza kujitambua. Halafu kikaja kipindi ambacho mimi hukifundisha kwa uchungu. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alieneza wazo kwamba mtu akishaingia katika umati akili yake binafsi humtoka, akabaki kuongozwa na hisia kama wenzake. Wazo hilo lilitawala kwa miongo mingi. Hata wasomi makini wa miaka ya 1960 walipoona watu wamekusanyika walitafuta kwanza msukosuko katika jamii na msongo katika nafsi za watu. Madai yenyewe yaliachwa pembeni. Nakuomba uone hatari yake: ukishasema aliyeandamana amepandwa na jazba, umejipa ruhusa ya kutomsikiliza. Watawala wengi bado wanaongea lugha hiyo ya 1895 bila kujua wameitoa wapi.

Waliovunja mtazamo huo walikuwa kizazi kilichoshuhudia harakati za haki za raia nchini Marekani. Hawakuona vichaa. Waliona vikao, ajenda, michango, magari ya kukodi, mawakili. Mwaka 1977 John McCarthy na Mayer Zald wakatoa maana ambayo nadhani ndiyo hiyo yako ya "maoni": kwamba vuguvugu ni jumla ya maoni na imani ndani ya jamii yanayoelekea kutaka kubadilisha sehemu fulani ya muundo wa jamii au mgawanyo wa manufaa yake. Upande wa pili waliweka asasi zinazojaribu kuyageuza maoni hayo kuwa vitendo. Walikuwa na sababu nzuri ya kutenganisha. Malalamiko yako kila mahali na kila zama, walisema, kwa hiyo hayatoshi kueleza kwa nini watu wananyanyuka hapa na wanatulia kule. Tazama rasilimali: nani ana fedha, nani ana muda, nani ana ukumbi wa kukutania.

Swali lao nalipenda. Maana yao siipendi. Kwa maana hiyo, mtu aliyelala kitandani kwake akitamani dunia iwe na haki zaidi, ambaye hajawahi kumwambia hata jirani, naye yumo ndani ya vuguvugu. Hilo ni pana mno kwa kazi yetu. Maoni ya umma tunayo njia nyingine ya kuyasoma.

Charles Tilly alikuja kwa mlango wa historia. Kwake vuguvugu ni namna mahususi ya kufanya siasa iliyozuka Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini katika nusu ya pili ya karne ya 18, kisha ikaenea. Kabla ya hapo watu wa huko walipokasirika walivamia ghala la nafaka au walibomoa nyumba ya mtoza ushuru. Hasira ililenga aliye karibu na iliishia hapo. Angalia kilichotokea Uingereza baadaye. Mwaka 1787 wanaume 12 waliunda kamati jijini London kupinga biashara ya watumwa. Mwaka ule ule zaidi ya watu 10,000 wa Manchester walitia saini ombi kwa Bunge. Kufikia 1792 maombi yaliyofikishwa bungeni yalikuwa 519, na familia nyingi zilikuwa zimeacha kutumia sukari iliyolimwa na watumwa. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kisheria mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ikapitishwa 1833. Hapo Tilly anaona mambo matatu yakiungana: kampeni ya muda mrefu yenye madai kwa mamlaka, mbinu zinazoweza kuhamishwa kutoka mji hadi mji na kutoka suala hadi suala, kama maombi, mikutano na kususia, na watu kuonyesha hadharani kwamba wanastahili, wameungana, ni wengi na wamejitoa.

Maana ya tatu ndiyo nitakayokushauri uijenge kazi yako juu yake. Mwaka 1992 Mtaliano Mario Diani alifanya kazi ile ile uliyopewa wewe. Alichukua maana zilizotolewa na wasomi wa shule mbalimbali, wakiwemo McCarthy na Zald, Tilly, Alain Touraine na Alberto Melucci, akauliza: wanaogombana hawa wanakubaliana wapi? Akapata kwamba vuguvugu ni mtandao wa mahusiano yasiyo rasmi kati ya watu, makundi au asasi, walio katika mvutano wa kisiasa au wa kiutamaduni, wakiwa na utambulisho wa pamoja. Mambo matatu: mtandao, mvutano, utambulisho. Likikosekana moja, umeshika kitu kingine.

Darasani huwa nawapa wanafunzi karatasi tupu na kuwaambia wanichoree Montgomery.

Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa katika mji huo wa jimbo la Alabama kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Hadithi inayosimuliwa ni ya fundi cherehani aliyechoka, akagoma kusimama, mji mzima ukamfuata. Sasa fuata kilichofanyika usiku ule. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Alabama State na rais wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, alikwenda chuoni usiku wa manane. Mwalimu mwenzake wa idara ya biashara alikuwa na ruhusa ya kutumia mashine ya kudurufu. Wakiwa na wanafunzi wawili, waliandika tangazo fupi la kuwataka watu wasipande basi Jumatatu, wakalipanga mara tatu katika kila ukurasa ili karatasi zitoshe, wakadurufu, wakakata, wakafunga mafungu mpaka alfajiri. Ijumaa makumi ya maelfu ya vipeperushi yalikuwa yakipita mikononi mwa watu. Jumatatu, tarehe 5 Desemba, abiria weusi karibu hawakuonekana ndani ya mabasi.

Ungeitazama Jumatatu hiyo peke yake ungesema ni ghadhabu ya ghafla. Lakini Robinson alikuwa amemwandikia meya barua tangu Mei 1954, zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla, akimtahadharisha kwamba watu wanazungumzia kususia mabasi. Machi 1955 msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa katika mji ule ule kwa kukataa vile vile. Na Parks mwenyewe alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi kilichoanzishwa 1909.

Kwa hiyo wanafunzi huchora nukta: Baraza la Wanawake, tawi la NAACP, tawi la chama cha wafanyakazi wa mabehewa ya kulala, Kanisa la Kibaptisti la Dexter Avenue. Kisha wanavuta mistari. E. D. Nixon, aliyekwenda kumtoa Parks kwa dhamana, alikuwa kiongozi wa wale wafanyakazi wa reli na aliwahi kuongoza NAACP mjini. Robinson alisali Dexter Avenue. Mchungaji wa hapo alikuwa kijana wa miaka 26, Martin Luther King. Mistari hiyo haimo katika katiba ya chama chochote. Hakuna barua ya uteuzi inayomfunga muumini wa Dexter na mfanyakazi wa reli. Kinachowafunga ni kujuana, kuaminiana na dhuluma moja inayowapata wote. Chama kilichokuja kuongoza mgomo, chini ya King, kiliundwa tarehe 5 Desemba, mabasi yakiwa tayari yanapita bila abiria weusi. Asasi ilizaliwa ndani ya vuguvugu ambalo lilikuwa limeshatangulia.

Halafu nawaambia wafute nukta moja, yoyote wanayotaka. Mchoro haufi, mistari mingine inabaki imeshikana. Mgomo ule ulidumu siku 381, watu wakitembea kwa miguu au wakibebana kwa magari yaliyopangiwa vituo na ratiba, mpaka amri ya Mahakama Kuu ya Marekani ya kukomesha ubaguzi kwenye mabasi ilipofika Montgomery tarehe 20 Desemba 1956. Siku 381 si jazba.

Utaulizwa kuhusu idadi: wanahitajika wangapi? Jibu kwa kutaja Buenos Aires. Tarehe 30 Aprili 1977, chini ya utawala wa kijeshi wa Argentina, kina mama 14 walikwenda uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, kudai habari za watoto wao waliotekwa. Hali ya hatari ilikataza watu kukusanyika. Polisi waliwaamuru wasisimame, waende. Wakaenda: wakashikana mikono wawili wawili, wakazunguka mnara ulio katikati ya uwanja, kila Alhamisi. Amri iliyotolewa ili kuwatawanya ikawa ndiyo maandamano yenyewe. Baadaye wakaanza kujifunga vitambaa vyeupe kichwani, mwanzoni vikiwa nepi za kitambaa za watoto wao. Desemba mwaka ule ule Azucena Villaflor, aliyekuwa mstari wa mbele, alitekwa na kuuawa pamoja na wenzake wawili. Waliobaki walirudi uwanjani. Kwa hesabu ya vichwa walikuwa wachache mno. Kwa maana ya Diani hawakupungukiwa na kitu: walikuwa na uhusiano usio rasmi, walikuwa na utambulisho unaoonekana kwa kitambaa, na mvutano wao ulikuwa na dola yenyewe.

Bado kuna mahali pamoja ambapo mimi na Diani hatukubaliani sawasawa, na unaweza kulitumia hilo kuonyesha kwamba umefikiri. Yeye hakutaka kuweka maandamano ndani ya maana, kwa hoja kwamba vuguvugu linaweza kupambana kwa njia nyingine, hasa katika utamaduni. Hapo namkubali. Lakini maana yake haisisitizi muda, na mimi muda siuachi. Sidney Tarrow, aliyefuata nyayo za Tilly, alizungumzia mapambano ya pamoja yanayoendelea dhidi ya wenye mamlaka na wapinzani, na neno hilo la kuendelea ndilo linalotenganisha vuguvugu na ghasia za usiku mmoja.

Tahadhari tu usidhani kuendelea ni kuwa na kelele kila siku. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura kwa marekebisho ya katiba ya 1920, na wengi huandika kwamba harakati zao zililala mpaka miaka ya 1960. Mwaka 1989 Verta Taylor alionyesha kwamba kati ya 1945 na miaka hiyo ya 1960 kikundi kidogo cha wanawake, wengi wao wazee, kiliendelea kukutana, kuandikiana na kulisukuma Bunge kuhusu marekebisho ya katiba ya usawa wa jinsia yaliyowasilishwa kwa mara ya kwanza 1923. Kundi jipya lilipoinuka, shirika la taifa la wanawake lililoanzishwa 1966 liliikuta hoja iko hai na mwaka uliofuata likaichukua. Vuguvugu linaweza kupungua likabaki sebuleni kwa watu wachache bila kufa.

Ukitaka sentensi ya kuanzia, mimi ningeandika hivi: vuguvugu la kijamii ni mtandao wa watu, makundi na asasi, unaoshikamanishwa zaidi na mahusiano yasiyo rasmi na utambulisho wa pamoja, ulio katika mvutano wa muda mrefu na wenye mamlaka au na wapinzani wengine, kwa lengo la kuleta mabadiliko katika jamii au kuyazuia. Kila kipande kitetee kwa mfano. Usinakili sentensi yangu. Mhadhiri wako anataka kuona umeipinga mahali.

*

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa asasi iliyosajiliwa, na katika katiba yetu tumejiita vuguvugu. Kwenye semina kijana mmoja alisimama akatuambia sisi si vuguvugu, ni ofisi. Wazee wetu walichukia. Nani mwenye haki hapo?

JIBU: Salama, ndugu katibu. Kijana ana hoja, hata kama hakuchagua maneno ya heshima. Asasi ina wanachama wanaojulikana kwa orodha, ina cheo cha kutia saini, ina mwaka wa fedha. Vuguvugu halina mlango wa kuingilia wala mtu wa kukupa kadi. Asasi inaweza kuwa sehemu ya vuguvugu, pengine sehemu yenye nguvu kuliko zote, lakini haiwezi kuwa ndiyo vuguvugu zima, kwa sababu hapo huo mtandao hauko tena, kuna mwili mmoja.

Jina halisaidii sana. Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, ni asasi, na ni asasi iliyofanya kazi kubwa. Lakini mwaka 1989 ilipopinga jengo refu la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, na ilipoutetea msitu wa Karura miaka ya 1990, nguvu yake ilitokana na kuungana na wanasheria, viongozi wa dini, wanafunzi na watu waliokuwa wanadai demokrasia. Mtandao huo wote ndio mtafiti atakaouita vuguvugu. Kwa upande mwingine, National Resistance Movement ya Uganda imeshika dola tangu Januari 1986. Anayetoa amri kwa polisi na kupanga bajeti ya taifa yuko upande wa pili wa meza, jina lake liwe lolote lile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Poland. Agosti 1980 wafanyakazi wa bandari ya kuunda meli ya Gdansk waligoma wakatoa madai 21, na chama cha wafanyakazi cha Solidarność kikazaliwa, kikasajiliwa, kikafikia wanachama wapatao milioni 10. Tarehe 13 Desemba 1981 serikali ilitangaza sheria ya kijeshi. Viongozi walitiwa kizuizini na mwaka uliofuata chama kilifutwa kisheria. Kama chama ndicho kingekuwa vuguvugu, habari ingeishia hapo. Lakini magazeti ya siri yaliendelea kuchapwa, makanisa yaliendelea kuwapokea watu, misaada iliendelea kuzifikia familia za waliofungwa. Serikali ile ile ilirudi mezani mwaka 1989, chama kikahalalishwa tena mwezi Aprili, na uchaguzi wa Juni 4 ukawapa wapinzani ushindi mkubwa. Ofisi ilifungwa, mahusiano hayakufungika.

Wapo wanaoona asasi ndiyo inayoua. Frances Fox Piven na Richard Cloward walidai mwaka 1977 kwamba maskini hupata wanachopata kwa kuvuruga utaratibu, na kwamba juhudi za kujenga asasi za kudumu huwaondoa barabarani wakati ambapo nguvu yao iko kileleni. Mimi siendi nao mpaka mwisho, maana Montgomery bila ratiba ya magari isingefika hata siku 30. Ila swali lao kila katibu analistahili: siku wafadhili wakijitoa na ofisi ikafungwa, watu mnaowasemea wataendelea kutafutana wenyewe kwa wenyewe? Kama jibu ni ndiyo, wazee wasichukie.

*

SWALI: Mwalimu, mbona mifano yako huwa ni ya watu wema tu? Kundi lenye chuki nalo linaweza kuitwa vuguvugu la kijamii? Mimi naona tukiliita hivyo tunalipa heshima lisiyostahili.

JIBU: Naielewa sana hisia yako. Lakini nitaendelea kuliita hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Mei 17, 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba shule za kubagua rangi zinavunja katiba. Julai mwaka ule ule, huko Indianola, Mississippi, wazungu waliopinga uamuzi huo waliunda baraza la raia. Muda si mrefu mabaraza ya namna hiyo yalikuwa yameenea katika majimbo ya kusini. Wanachama wake walikuwa wafanyabiashara, mawakili, watu wa benki. Mtu mweusi aliyetia saini ombi la kutaka shule moja kwa watoto wote aliweza kujikuta amefukuzwa kazi au amenyimwa mkopo. Kuna mtandao hapo, kuna utambulisho, kuna mvutano wa muda mrefu. McCarthy na Zald waliweka kabisa nafasi ya vuguvugu pinzani katika nadharia yao, na ndiyo sababu katika maana niliyompa yule mwanafunzi niliandika kuleta mabadiliko au kuyazuia.

Touraine angebisha kidogo. Kwake jina la vuguvugu la kijamii lilistahili mapambano makubwa tu, yale yanayogombea mwelekeo mzima wa jamii, ambapo wahusika wanajua wao ni nani, wanajua adui yao ni nani, na wanajua wanachokigombea ni nini. Lakini hata yeye alipima kwa kina cha mgogoro. Wema wa nia hakuufanya kipimo.

Tukiweka wema ndani ya maana, tunajipofusha. Hatutauliza mabaraza yale yalipata wapi fedha, walikutana wapi, kwa nini yalikua haraka mahali fulani na yakadorora kwingine. Hayo ndiyo maswali ambayo mtu anayetaka kuzuia chuki anayahitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Hukumu yangu juu yao ipo, na nimeshaitoa kwenye makala nyingine bila kumumunya maneno. Lakini ni hukumu, nayo inakuja baada ya kujua nilichokishika ni kitu gani.

*

SWALI: Mwalimu, kwa kifupi tu: alama ya reli (hashtag, ile #) ikisambaa mitandaoni na mamilioni ya watu wakaiandika, hilo ni vuguvugu?

JIBU: Kwa kifupi, alama ya reli ni mbinu, kama lilivyo ombi lenye saini. Inaweza kutumiwa na vuguvugu, inaweza kuliamsha, na inaweza kupita bila kuacha kitu. Oktoba 2017 maneno MeToo, yaani "mimi pia", yalienea duniani kwa siku chache, na wengi walidhani yamezaliwa wiki hiyo. Tarana Burke alikuwa ameyatumia tangu 2006 katika kazi yake na wasichana na wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, miaka 11 kabla. Ukitaka kujua kama alama fulani ina vuguvugu nyuma yake, usihesabu walioiandika. Tafuta nani walikuwa wanajuana kabla haijasambaa, wanadai nini na kwa nani, kisha rudi baada ya mwaka uone nani bado wanapigiana simu.